Adhana haikatwi katikati

Ukishaweka kamera mbele ya fundi wa majahazi, umeshachagua nani aonekane na nani abaki nje ya fremu. Baadaye saa nzima ya maneno yake itabaki dakika mbili. Hilo halina ubaya. Filamu ya makala haitengenezwi vingine. Ubaya unaanza pale jibu la swali moja linapobandikwa kwenye swali jingine, na kinachomuumbua mhariri mara nyingi ni sauti.

Chukua Mji wa Kale wa Mombasa. Misikiti iko karibu karibu, adhana ya huu haijaisha wa pili umeshaanza. Mzee akihojiwa huku adhana inasikika nyuma yake, maneno yale huwezi kuyapanga upya: ukikata, adhana nayo inaruka, na mtu wa hapa ataing'amua papo hapo. Basi nyamazeni, mngoje ziishe zote, kisha mwombe mzee aanze sentensi yake upya. Kwenye kivuko cha Likoni ni vivyo hivyo na ngurumo za feri. Kabla ya kufunga vyombo, rekodi sekunde 60 za mahali penyewe bila mtu kusema neno. Ndizo zitakazoziba nyufa wakati wa kuhariri. Wengi huziruka kwa sababu zinachosha, halafu wanaishia kufunika kila mkato kwa taarab, hata kama habari ni ya msiba.

Maikrofoni ya kubana nguoni iwe kama shibiri moja chini ya kidevu, mahali ambapo buibui au leso haitaikwaruza. Kusi ikivuma, ivalishe kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Sponji peke yake haifui dafu.

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo piga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiweka 30 na 1/60, taa za dukani huenda zikapepesa kwenye picha, na kuliondoa hilo baadaye ni kazi ngumu. Lenzi ikitoka chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu nje. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa, usiifute. Jua la saa sita huficha macho chini ya kofia, kwa hivyo hapo piga mikono ikifanya kazi, uso usubiri saa kumi.

Fundi akitia kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao, na ukakosa pigo zuri la nyundo, usimwombe arudie kwa ajili yako. Atarudia, lakini atakuwa anaigiza. Sogeza kamera kwenye ufa unaofuata. Jahazi lina nyufa tele.