Choya haitaki moto

Joto la wiki hii halina upepo, na chai ya maziwa haipandi hata asubuhi. Majira kama haya ndipo choya, au rozela kama wengine wanavyoiita, inapoonyesha thamani yake. Wasudani na Wamisri huiita karkadeh, Wasenegali bissap, na wote huinywa kwa sababu hiyohiyo: uchachu wake unakata kiu kuliko sukari ya soda.

Tunasema maua ya choya, ila petali zenyewe huwa zimeshadondoka. Kinachokaushwa ni yale maganda manene mekundu yanayolifumbata tunda. Sokoni shika machache kiganjani. Mazuri ni mekundu ya kuiva, karibu na zambarau, yanavunjika kwa mlio, na yana harufu ya matunda makavu. Yaliyopauka kuwa kahawia yamekaa juani mno au yamekaa ghalani mno, na hakuna upishi utakaoyarudishia rangi. Yanayopinda bila kuvunjika yana unyevu, na baada ya siku chache yatakuwa na ukungu ndani ya kopo.

Kwa lita 2 za maji, vikombe viwili vya maua makavu vinatosha, kama gramu 50. Mengi hukaushwa kwenye turubai au mikeka, kwa hiyo mchanga haukosekani. Suuza kwa maji baridi mara mbili, haraka haraka. Ukiyaloweka ili yatakate, ule wekundu wa kwanza, ambao ndio bora, unamwagwa na maji machafu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaichemsha choya kama majani ya chai. Choya inataka maji ya moto, haitaki moto. Chemsha maji peke yake, epua, ndipo utie maua na ufunike kwa dakika 15. Ikitokota jikoni nusu saa, ile harufu ya tunda bichi hupotea, ladha hugeuka kama ya jemu iliyoungua kidogo, rangi nayo huelekea ukahawia. Tena choya ni ndugu wa bamia. Ikipikwa sana, hutoa utelezi, na chai inakuwa nzito kooni. Kwa sababu hiyohiyo usiyakamue maua wakati wa kuchuja. Yaache yachuruzike yenyewe kwenye kitambaa.

Sufuria iwe ya stili isiyoshika kutu, au mwaga maji ya moto kwenye chungu au jagi la kioo. Ile ya alumini isiyo na mipako huliwa na asidi ya choya, na ladha ya chuma utaisikia kwenye funda la kwanza.

Viungo viwe vichache. Mabua mawili ya mchaichai, yaliyopondwa kwa mpini wa kisu, na vipande vitatu vyembamba vya tangawizi, vyote vitiwe pamoja na maua, chini ya mfuniko, maana harufu ya mchaichai huenda na mvuke. Iliki mbili si mbaya. Karafuu ziwe mbili tu, zikizidi zinaitawala birika nzima. Mdalasini naona unafaa msimu wa baridi zaidi.

Sukari iingie baada ya kuchuja, chai ikiwa bado ya moto. Ukiitia mapema, sehemu yake hubaki kwenye maua na kutupwa. Anza na gramu 120, yaani nusu kikombe na ushee, kisha onja ikishapoa, kwa kuwa baridi hupunguza utamu mdomoni. Chumvi kidogo sana hulainisha ukali.

Asiyependa kuwasha jiko anaweza kuloweka gramu 50 kwenye lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, akaweka kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 10. Inatoka laini na angavu zaidi. Isikae nje usiku kucha, hasa yenye sukari: choya huchacha upesi, na si bure kwamba hutengenezewa mvinyo. Kwenye friji imalize ndani ya siku nne.

Barafu ya maji huifanya chapwa. Gandisha sehemu ya chai yenyewe uitumie kama barafu.

Choya inaweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za presha aulize daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Mjamzito naye aiache.

Rangi ikitoka ya zambarau iliyofifia, kosa mara nyingi ni maji, hasa ya kisima yenye magadi. Kamulia nusu ndimu uone wekundu unavyorudi papo hapo. Kitambaa cha kuchujia kina siri hiyohiyo: kisuuze kwa maji baridi kwanza, kwani sabuni ikitangulia, doa jekundu litageuka la samawati iliyochujuka.