Jinsi nilivyowapunguzia wanachuo hofu ya kutafuta marejeo
Katika chuo cha afya ninachofundisha hapa Tabora, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipopewa kazi kuhusu malaria kwa wajawazito walifungua Google, wakazidiwa na wingi wa matokeo, kisha wakanakili ukurasa wa kwanza uliowatokea. Baadhi ya walimu wenzangu waliuita uvivu, mimi sikukubali. Constance Mellon, aliyeandika kuhusu hofu ya maktaba nchini Marekani mwaka 1986, alieleza kwamba mwanafunzi hudhani wenzake wote wanajua isipokuwa yeye, hivyo huona aibu kuuliza.

Nilianza, basi, na hiyo aibu. Niliwaomba wanipe mada nisiyoijua, nikaitafuta mbele yao kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, huku nikisema kwa sauti kila ninachofikiri: matokeo yalipokuwa mengi mno niliongeza neno la mahali, nikaufunga msemo kwa alama za kunukuu, nikaweka ukomo wa miaka. Makala zilizohitaji malipo tulizifuata Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, ambao chuo hujisajili kwanza ili kuzisoma bure au kwa bei nafuu. Baadaye waliketi wawili wawili, mmoja akitafuta, mwenzake akiandika maneno yaliyotumika. Siku hizi wananiletea orodha hizo za maneno kabla ya kuandika, na maswali wanauliza waziwazi darasani.