Nauli ya kwenda mahabusu

Tangu kijana wa jirani yangu hapa Temeke akamatwe kwa kosa lisilo na dhamana, nyumba yao haihesabu tena siku kwa mwisho wa mwezi, bali kwa tarehe ya kesi kutajwa. Ikifika, mama yake huamka saa kumi alfajiri, nami humsindikiza kwa daladala. Tukifika mahakamani, yeye husimama karibu na lango mpaka karandinga liingie, ili amwone mwanawe akishuka. Baada ya hapo upande wa mashtaka hueleza kwamba upelelezi haujakamilika, hakimu hupanga tarehe nyingine, na shauri tulilolisubiri tangu asubuhi huwa limekwisha kabla mama hajakaa vizuri kwenye benchi.

Sisi tunaojiita wanaharakati tumezoea kuupima mshikamano kwa wingi wa watu wanaofika siku anapoletwa kiongozi. Sibezi jambo hilo. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, alipokamatwa Julai 2021 na kushtakiwa kwa ugaidi, macho ya nchi hayakubanduka kwenye kesi yake hadi mashtaka yalipofutwa Machi 2022, na macho hayo hayo yalimgeukia Tundu Lissu, aliyemrithi Mbowe kwenye uenyekiti, aliposhtakiwa kwa uhaini Aprili 2025. Lakini masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu huku Bara kwa zaidi ya miaka 6, wakaachiwa Juni 2021 baada ya mashtaka kuondolewa, na katika muda huo wote familia zao zililazimika kuvuka bahari ili kuwaona. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, alifiwa na mama yake mwezi Desemba akiwa bado ndani, na ombi lake la kwenda kumuaga lilikataliwa. Msiba wa namna hiyo haulipwi na hukumu yoyote.

Kwa hiyo kikundi chetu, cha wanawake 6 tu, kiliamua kushughulika na mambo madogo: nauli, sabuni, kandambili, dawa ya presha ya mama. Nakiri kwamba mwanzoni niliona ni kazi ya chama cha kufa na kuzikana, wala si harakati. Nilibadili mawazo siku tulipopeleka chakula gerezani. Askari alimwamuru mama aonje wali na maharage kwa kijiko chake, naye akala taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani chakula kitafika kikiwa cha moto. Foleni nzima ilikuwa ya wanawake wenye mifuko kama wake, na karibu kila mmoja alikuja peke yake.

Upweke huo una sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazuia dhamana kwa makosa kadhaa, uhaini na ugaidi yakiwa miongoni mwake, na mtaani watu husikia jina la kosa wakadhani limekwisha kuthibitishwa. Majirani waliokuwa wakiingia kwa mama huyu bila hodi sasa hupita upande wa pili wa njia, na wapo waliomrudishia vyombo alivyowaazima.

Kesi itatajwa tena Jumanne. Jumatatu jioni, watu wakiwa bado barazani, nitampelekea nauli na kuazima chumvi, ingawa kwangu ninayo.