Bahari ya Shangazi

Shangazi alipokubali hatimaye kuhamia Dar es Salaam kwa mwanawe, alitoa sharti moja: haondoki Mikindani mpaka bahari yake ichorwe. Picha za simu hakuzitaka, wajukuu walishampigia tele. Alitaka mchoro wa rangi za mafuta, kama ule aliokuwa akiupangusa vumbi ujanani mwake, alipofanya kazi kwenye nyumba ya daktari mmoja wa Kizungu huko Lindi. Ulikuwa mchoro wa mto na miti ya Ulaya.

"Ukiusogelea, mwanangu, unaona madonge ya rangi tu, hujui hata ni nini. Ukirudi nyuma mpaka mlangoni, maji yanatembea."

Nilikuwa nimesoma na kutazama mafunzo mengi ya uchoraji, lakini hakuna aliyewahi kunieleza jambo hilo waziwazi kama yeye.

Kazi yangu Mtwara mjini ilikuwa kadi za harusi, mabango na fulana. Rangi za mafuta za wachoraji, zile za tyubu, madukani kwetu sikuwahi kuziona. Zilizokuwapo ni za makopo, za milango na madirisha, na hizo zimetengenezwa zijisawazishe zenyewe: ukishapaka, mistari ya brashi inazama na kubaki uso laini unaong'aa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, mzaliwa wa Tunduru, alizijulia rangi za namna hiyo, akachora wanyama na ndege juu ya hardboard, na mng'ao wa picha zile ulitoka humo humo. Shangazi alitaka kinyume chake. Alitaka rangi nzito, inayobaki na alama ya kila mahali brashi ilipopita.

Nikamwambia nitamchorea kwa kompyuta.

"Kompyuta ina mafuta?"

"Haina, Shangazi. Ila macho yako yatayaona."

Alikubali kwa sababu ni mimi, si kwa sababu aliniamini.

Njia ya mkato ilikuwapo. Unapiga picha, unaipitisha kwenye kichujio cha programu, na kwa sekunde chache unapewa kitu kinachoitwa mchoro wa mafuta. Sijawahi kukipenda. Kichujio hukoroga picha nzima kwa nguvu ileile: mawingu, majani, ukuta, ngalawa, vyote vinapata vijistari vya ukubwa mmoja. Mchoraji hafanyi hivyo. Mahali pengine anapitisha brashi mara moja na kuondoka, pengine anarudi na kurudi, na jicho la mtazamaji linaufuata mkono wake. Basi nikachukua laptopu, tableti ya kuchorea yenye kalamu inayohisi uzito wa mkono, na Krita, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, nikapanda daladala kwenda Mikindani.

Nilipofika, Shangazi akaitazama bahari kwanza, kisha mimi. "Maji ya leo siyo. Ngoja mwezi uandame."

Alikuwa akizungumzia bamvua. Kwetu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kabisa alasiri, saa 10 hivi, yakafunika matope yote na kuingia chini ya mikoko. Jua wakati huo limeshakwenda nyuma ya nyumba, kwa hiyo ng'ambo ya ghuba inapata mwanga wa dhahabu huku baraza ikiwa kivulini. Lakini kujaa kwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Siku chache baadaye maji yanajaa jua likiwa limeshazama, na mandhari ile haipo tena mpaka bamvua nyingine. Mgeni anayekuja na gari kupiga picha Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, hawezi kujua kwamba bahari aliyoiona ni ya siku ile tu. Shangazi alikuwa na bahari yake moja akilini, na ndiyo aliyoitaka.

Mwezi ukaandama, nikarudi.

Kwanza niliijaza turubai yote ya kwenye skrini rangi ya udongo mwekundu. Wachoraji wa mafuta hufanya hivyo tangu zamani: hawaanzi na weupe, wanaanza na rangi ya joto, ili kila mahali brashi ikiruka, joto lile lichungulie. Juu yake nikaweka maumbo manne tu: mbingu, ukanda wa mikoko ng'ambo, maji, na kona ya ukuta wa chokaa wa jirani. Hakuna jani, hakuna mtu. Nilitumia brashi pana yenye nywele ngumu, ya aina inayoburuta rangi iliyo chini na kuchanganyika nayo, kama rangi mbichi inavyokutana na rangi mbichi.

Nikajiwekea mwiko mmoja: kitufe cha kufuta hatua nisikiguse. Kwenye mafuta halisi rangi isiyopendeza haifutiki ikaondoka. Unapaka nyingine juu, na ile ya chini inabaki pembezoni, ikitoa sauti yake kidogo. Picha nyingi za kompyuta huonekana zimekufa kwa sababu zimesafishwa mno. Nilifuata pia kanuni yao ya nyembamba chini, nono juu. Kwao ni suala la kemia, kwani tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole, na likiwekwa chini ya tabaka linalowahi kukauka, rangi ya juu itapasuka. Kwenye skrini hakuna kitu cha kupasuka, lakini utaratibu wenyewe una uzuri wake: vivuli nikavipaka vyepesi hadi udongo ukaonekana ndani yake, na mwanga nikauweka mzito, pigo moja moja, mwishoni.

Chini yetu, ufukweni, watu wawili walikuwa wakipaka dau sifa, na harufu ya mafuta yale ya papa ilipanda hadi barazani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yangu akichambua mchele. Hakunisemesha muda mrefu. Kisha akasema, "Mle ndani ya mikoko hamna weusi."

Nikatazama. Kwenye simu, picha niliyoipiga kwa ajili ya kumbukumbu ilionyesha weusi mtupu chini ya mikoko, kwa sababu kamera ilikuwa imejipima kwa mwanga wa mbinguni. Kwa jicho mle ndani palikuwa na zambarau iliyochakaa, na karibu na maji palikuwa na kijani kinachopanda kutoka chini, mwanga wa maji ukirudi juu kwenye mizizi. Nikaiweka simu mfukoni. Nikachanganya bluu na ule udongo mwekundu, nikaipitisha mara moja, na mikoko ikarudi nyuma pale pale, ikakaa ng'ambo inakostahili. Ukingo wake wa juu nikauyeyusha kwenye mbingu. Ukingo mkali niliuhifadhi kwa mahali pamoja tu, pembe ya ukuta wa chokaa, maana huko ndiko Shangazi alikoelekeza uso kila alasiri ya maisha yake pale.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda. Watu huyapaka bluu kwa mazoea. Alasiri ile karibu nasi yalikuwa na rangi ya chai hafifu, mchanga ukionekana chini, halafu kijani, na mbali kabisa yalikuwa karibu meupe. Niliyapaka kwa mapigo ya kulala, marefu karibu, mafupi mbali, nikiongeza kidogo sana rangi ya mbingu kila nilipokwenda juu.

Bamvua ile haikutosha, nikamalizia kwenye iliyofuata.

Kazi ilichapwa Dar, juu ya kanvasi ya sentimita 60 kwa 90. Nilikuwa nimeianza kwa pikseli 3,543 kwa 5,315, yaani 150 kwa kila inchi, na zinatosha kwa kanvasi inayotazamwa kutoka mbali kidogo. Kijani cha maji nilikitia ukungu kabla ya kuchapa, kwa sababu skrini inatoa mwanga wake yenyewe na wino hauwezi kuufikia. Mchapaji alipendekeza tupake jeli nzito ya wazi juu yake ili kuwe na mikwaruzo ya brashi. Nikakataa. Mikwaruzo ya jeli ingekwenda isikokwenda michirizi ya rangi, na Shangazi angeijua mara moja.

Nikampelekea Mbagala, kwa mwanawe, alikokuwa ameshahamia. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba," akajibu bila kunitazama, mikono tayari kwenye karatasi za kufungia. Akaisimamisha juu ya kochi, akapitisha kiganja.

"Laini."

"Ndiyo, Shangazi. Ni wino."

Akasogeza uso karibu kabisa na mikoko, akakunja kipaji. "Madonge," akasema. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, na hapo akamwita mwanawe kwa sauti: "Njoo hapa! Hapo ulipo huoni kitu, njoo usimame hapa!" Alimsogezesha kochi mchana uleule, picha ikapigiliwa ukuta unaotazamana na mlango.

Chai ilipoletwa alikuwa bado anaitazama.

"Hii ni alasiri," akaniambia. "Na asubuhi yake? Maji yakiwa yametoka, sisi na ndoo zetu tunaokota chaza?"

"Hiyo itakuwa na watu, Shangazi."

"Waweke. Na mimi niweke, nimeinama. Uso usinichoree, kutoka barazani uso hauonekani."