Siku moja maishani mwangu: Jumamosi na wanaorudi kwa tandiko

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, mtoto namwachia mamangu, napanda matatu ya 111 kutoka Ngong kushuka Karen. Ni Julai, baridi ya huku si ya mchezo, na ukungu bado umelala juu ya miti. Kazi yangu ni kufundisha watu kupanda farasi. Wanaoanza huwa wengi lakini Jumamosi yangu huwa ni ya wale wanaorudi, waliopanda wakiwa watoto au kabla ya ndoa na kazi, sasa wanataka tena. Hao nawapenda sana, na hao ndio huumia zaidi, manake kichwa kinakumbuka kila kitu na misuli imesahau.

Saa kumi na mbili ni farasi kwanza. Saisi wetu mzee, yaani mtunza farasi, ashawawekea nyasi kavu za boma rhodes na maji, mimi napiga brashi na kukagua kwato. Hapo pia napapasa mgongo wa kila mmoja kwa kiganja, farasi mwenye mgongo unaouma hatembei sawa, na akitembea vibaya aliye juu yake atasikia kwa kiuno.

Saa moja nachagua matandiko, vile viti vya ngozi vya kukalia juu ya farasi, na hapa sina haraka kabisa. Mtu akiumia hulaumu umri wake, mimi huanza na tandiko. Akishakaa, nyuma yake inafaa ibaki nafasi ya upana wa kiganja, ikikosekana anakalia ukingo wa nyuma, na ikizidi sana anateleza huku na huku hadi ngozi inachubuka. Mbele, juu ya ile nundu ya mabega ya farasi, vidole viwili au vitatu vipite, na nyuma lisivuke ubavu wa mwisho. Halafu naangalia kama limelala sawa. Likiinamia mbele linakusukuma kwa mfupa wa mbele wa nyonga, na wanawake wengi huumia hapo hapo wakanyamaza kwa sababu ni aibu kusema mbele ya watu. Jamani semeni! Nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana kuliko za wanaume, na kuna matandiko mapana katikati na mengine membamba, kubadilisha tu kunaweza kumaliza shida ambayo mtu amevumilia mwaka mzima.

Saa mbili anafika mama mmoja, hajapanda tangu amalize shule. Amevaa jinzi. Ule mshono mnene wa ndani ya paja ukisuguana na ngozi kwa nusu saa ni kidonda, kwa hivyo nampa taiti ndefu isiyo na mshono ndani (chupi pia iwe hivyo, na mwenye ngozi laini apake vaselini kabla). Viatu ni buti za kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Gambuti sikubali, zinaweza kukwama kwa kikuku, kile chuma cha kukanyagia, na ukianguka unaburutwa.

Kabla hajapanda namkalisha kwa kiti kigumu, mikono chini ya makalio, asikie ile mifupa miwili ya kukalia. Uzito wako wote unatakiwa uwe hapo. Vikuku tunapima kwa mkono, ncha za vidole pale mkanda unaposhikana na tandiko, kikuku kifike kwapani. Akishapanda anaachilia miguu ining'inie, chuma kiguse kifundo cha mguu, na kwa anayerudi napandisha tundu moja la mkanda ili asikitafute kwa vidole. Anapanda kutoka kwa kibao, kuruka kutoka chini kunavuta tandiko upande na kumuumiza farasi.

Dakika kumi za kwanza ni kutembea tu. Anatoa miguu kwenye vikuku, anazungusha vifundo, anapumua nje kwa sauti, nyonga zinaanza kufuata mgongo wa farasi zenyewe. Troti, yaani mbio za polepole, tunafanya vipande vifupi, akiinuka na kukaa kwa mdundo, halafu tunarudi kutembea kabla hajachoka, manake akichoka anaanza kujishikilia kwa magoti, na magoti yakibana, makalio yanadunda. Akaomba zile mbio za kasi kuliko troti, "Ticha, kanta kidogo tu." Nikamwambia leo hapana mama, nusu saa imetosha. Alinuna kidogo lakini nimeona wengi wakipanda masaa mawili siku ya kwanza kwa furaha halafu hawaonekani tena.

Saa nne ni mzee mmoja mwili mkubwa, anapenda Msitu wa Ngong Road. Yeye na tandiko pamoja hatutaki wapite moja ya tano ya uzito wa farasi, kwa hivyo anapata yule wetu mkubwa, ila si mpana sana, manake farasi mpana anafungua nyonga mpaka mtu anashuka akishindwa kusimama. Magoti yake yalikuwa yanauma. Vikuku vilikuwa vifupi mno, goti limekunjwa muda wote, nikashusha matundu mawili akatulia. Katikati ya njia nikamshusha tukatembea kwa miguu tukiongoza farasi, damu irudi kwa miguu yake na mgongo wa farasi upumzike.

Saa saba ni chapati na ndengu, chai, halafu kusafisha ngozi ya matandiko. Ngozi ikikauka inakuwa ngumu na inakata mguu, na kitambaa cha chini kikiwa na jasho lililokauka kinamchubua farasi.

Saa tisa napanda mwenyewe. Nilirudi baada ya kujifungua, daktari akiwa amenikubalia, na kila nachowaambia wateja nimekisikia kwa mwili wangu, hasa misuli ya chini ya nyonga na ya ndani ya mapaja. Mara fupi fupi katika wiki zilinisaidia kuliko siku moja ndefu, na bado ndivyo napanda.

Saa kumi na moja farasi wanaingia mabandani, hatuwaachi nje jioni kwa sababu ya vile vidudu vidogo vinavyoambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ingawa chanjo wanapata.

Saa mbili usiku yule mama ananitumia ujumbe, mapaja yanauma. Nikamjibu kesho yatauma zaidi, hata keshokutwa, hiyo ni misuli na itapita, atembee na aoge maji ya moto. Lakini kama ni ngozi imechubuka, au ganzi, au maumivu makali ya mgongo aniambie, hapo tunabadilisha tandiko au aone daktari kwanza. Akasema ni misuli tu. Basi Jumatano saa mbili asubuhi, nusu saa, farasi yule yule, na troti ndefu kidogo.