Alasiri Tuliyoipima Besi Nyepesi

Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia mabegi. Tuliifunga kwenye kenchi ya ukumbi wa mazoezi, Kinondoni, mwaka 2021, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Gitaa la kwanza kupanda kwenye ndoano lilikuwa nakala ya Jazz Bass, besi ya kampuni ya Fender, ya mtindo wa miaka ya 1970. Likasoma kilo 4.7. La pili lilikuwa besi nyepesi ya kampuni ya Ibanez, SR500E, jipya, bado linanukia vanishi. Kilo 3.6. Wapiga besi wanne walikuwa wamekuja kulisikiliza na kulitolea hukumu, nami nilikuwepo kama fundi, kuliweka sawa kabla halijapanda jukwaani.

Kilo moja na gramu mia ni jambo dogo kwa anayesikiliza. Kwa mpiga besi wa muziki wa dansi si dogo hata kidogo. Onyesho linaanza saa tatu usiku, linakwisha saa nane au saa tisa. Solo anapata pa kupumulia, tarumbeta zinapokezana, mwimbaji anashuka kunywa maji, besi haikatiki. Uzito wote unakaa bega la kushoto, na mkanda wa nailoni wenye upana wa sentimita 5 unaukusanya mahali pamoja. Ndiyo maana kabla ya kusikiliza lolote nilibadilisha mikanda: magitaa yote mawili yakafungwa mikanda ya ngozi ya upana wa sentimita 9, iliyo chakavu upande wa ndani. Kulinganisha besi mbili zenye mikanda tofauti ni kulinganisha mikanda.

Tangu Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, alipotoa Precision Bass mwaka 1951, na Jazz Bass mwaka 1960, umbo la gitaa hili halijahama sana: urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 864, freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) 20, kichwa kikubwa chenye vikaza nyuzi vinne upande mmoja. Familia ya SR ya Ibanez ilitoka mwaka 1987 na ikaliendea tatizo la uzito kwa kupunguza: mwili mwembamba uliochongwa kingo zote, shingo nyembamba, kichwa kidogo chenye vikaza viwili kila upande. Urefu wa uzi ukabaki uleule, freti zikawa 24.

Wa kwanza kuivaa SR alikuwa mzee wa dansi, mtu aliyepiga besi tangu zama za kanda za kaseti. Hakugusa uzi. Alisimama, akaachia mkono wa kushoto, akaitazama shingo.

"Haianguki," akasema.

"Haianguki, mzee. Ijaribu na ule mkanda wa nailoni."

Akajaribu. Kichwa kikaanza kushuka taratibu. Hapo ndipo penye ukweli ambao mizani haiusemi. Gitaa linaning'inia kwenye vitufe viwili, kimoja nyuma ya mwili na kingine kwenye ncha ya pembe ya juu. Mwili ukipunguzwa uzito na kichwa kikabaki kizito, upande wa kichwa unashinda, na mkono wa kushoto unafanya kazi mbili: kubeba shingo na kubana nyuzi. Kwa saa sita, mkono huo utauma kuliko bega. Watengenezaji wa SR wamejitahidi kwa kurefusha pembe ya juu hadi usawa wa freti ya 12 hivi na kukipunguza kichwa, ila salio la uwiano linatokana na msuguano wa mkanda begani. Mkanda unaoteleza unaifichua kasoro. Ngozi chakavu inaishikilia. Penye tatizo kubwa zaidi, dawa ni kufunga vikaza nyuzi vyepesi. Kuongeza uzito upande wa nyuma kunarekebisha uwiano, lakini ni kuirudisha ile kilo uliyoilipia iondoke.

Shingo ndiyo iliyoleta mabishano. Kwenye freti ya kwanza ina unene wa milimita 19.5, kwenye ya 12 ni 21.5, upana karibu na kichwa ni milimita 38, sawa na Jazz Bass. Dada aliyekuwa akipiga kwenye bendi ya hoteli aliipenda papo hapo. Vidole vyake vifupi vilifika freti nne za mwanzo bila kukunja kifundo cha mkono, na akasema kwamba kwa mara ya kwanza kidole gumba kinapumzika nyuma ya shingo badala ya kuibana. Mpiga besi wa tatu, mwenye kiganja kipana, aliona kinyume. Kwake shingo nyembamba hivyo inaukosesha mkono kitu cha kushika, na baada ya nyimbo mbili misuli iliyo chini ya gumba ilikuwa imekaza. Wote wawili walisema kweli. Anayeuliza kama shingo nyembamba ni nzuri lazima aulizwe kwanza mkono wake una ukubwa gani.

Mzee alipoanza kupiga, nyuzi ziligonga freti. Yeye hutumia gumba na kidole cha shahada, karibu na mwisho wa shingo, kwa nguvu, na kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, nguvu hiyo inaongezeka. Mara moja akaihukumu besi kuwa "ya kuchezea." Nilimwomba anipe nusu saa.

Nyuzi zilikuwa za kawaida, unene wa inchi .045 hadi .105, nikazityuni kwanza katika E, A, D na G, kwa sababu shingo haipimwi nyuzi zikiwa zimelegea. Nikafunga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 1, nikabana uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha nikapitisha filageji ya fundi pikipiki, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya uzi na freti ya 8. Nafasi ilikuwa karibu milimita 0.1 tu: shingo imenyooka mno. Uzi unaopigwa kwa nguvu unachora tao pana hewani, na shingo iliyonyooka kabisa hailipi tao hilo nafasi. Nilifungua kifuniko kidogo kilichoko kichwani, nikaingiza spana ya L, nikalegeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, kinyume cha mwendo wa saa. Kisha kutyuni tena, kusubiri dakika kadhaa, kupima tena. Ilipofika 0.3 niliacha. Anayezungusha nusu au mzunguko mzima kwa pupa anaweza kuvunja nati au kukuta kesho yake shingo imepinda, maana mbao inaendelea kusogea baada ya mkono kutoka. Shingo nyembamba inasogea upesi zaidi, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa mvua inatosha kuibadilisha. Besi ya namna hii ikisafiri kutoka Pwani hadi Arusha, spana iwe ndani ya begi.

Baada ya shingo ndipo nikapandisha nyuzi kwenye briji, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Mpangilio huu haugeuzwi: ukipandisha nyuzi kwanza ili kuficha mgongo wa shingo, utapata besi ngumu kubana ambayo bado inagonga. Dada angeridhika na milimita 1.8 kwenye freti ya 12 chini ya uzi wa E. Kwa mkono wa mzee niliweka 2.5 kwa E, 2.0 kwa G. Mwisho nikalinganisha noti ya freti ya 12 iliyobanwa na ile ya kengele, inayolia uzi ukiguswa tu bila kubanwa, ya mahali palepale. Iliyobanwa ikiwa juu, kibebeo cha uzi kinarudishwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele.

Mzee akaipiga tena, na neno "kuchezea" halikurudi.

Likabaki suala la sauti. Imani kwamba mbao nyepesi hutoa sauti nyepesi ina mizizi mirefu kwa wapiga dansi, nami naiheshimu kwa sababu inatokana na masikio, ingawa sikubaliani nayo. Tulitumia amplifaya moja na kebo moja. Kabla ya kulinganisha nilishusha volyumu ya SR hadi ilingane na ya Jazz, kwa kuwa saketi yenye betri iliyo ndani yake hutoa mawimbi makubwa zaidi, na sikio husifu chenye kelele kubwa hata kama si kizuri zaidi. Kisha nikazima saketi hiyo kwa swichi yake, nikasawazisha volyumu upya, ili pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zisikike kama zilivyo. Tofauti iliyobaki ilikuwa pale katikati: Jazz ilikuwa na mkwaruzo wake wa mbele, SR ilikuwa laini, noti zake zikilingana kutoka uzi hadi uzi. Uzito wa chini, ule unaosikika tumboni, ulikuwepo kwenye zote mbili. Na zote mbili zilikuwa na ugonjwa uleule wa magitaa ya aina hii: noti ya C kwenye uzi wa G, freti ya 5, ilikufa mapema kuliko jirani zake, kwa kuwa hapo shingo inatetemeka pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu.

Kijana wa kwaya ya kanisani, wa nne, aliiwasha saketi na kufungua kitufe cha besi hadi mwisho. Spika ikaanza kukohoa. Nilimweleza kwa hesabu: kila desibeli 3 unazoongeza, amplifaya inadaiwa nguvu maradufu, ukifika 10, inadaiwa mara kumi. Amplifaya ya wati 100 haina pa kuzitoa. Tukarudisha besi katikati, tukaacha trebo ilivyo, tukaongeza midi, yaani sauti za kati, kidogo. Gitaa hili lina swichi ya kuchagua midi ipi inaguswa: hezi 250, 450 au 700. Kwenye 250 sauti ilinenepa ikagongana na ngoma ya mguu. Kwenye 700 ilitokeza pua, nzuri kwa kupita katikati ya magitaa matatu na tarumbeta. Kwa kwaya yenye kinanda kikubwa ilifaa 450. Mzee alitaka sauti kavu ya kukatika, nikamwekea kipande cha sifongo chini ya nyuzi, karibu kabisa na briji, kikizigusa bila kuzisukuma juu.

Kijana alikuwa na swali la betri, na ni swali linalostahili kuulizwa na kila anayetoka kwenye besi isiyo na saketi. Betri ni ya volti 9. Swichi yake ni jeki: ukichomeka kebo, saketi inawaka, hata gitaa likiwa kwenye stendi na amplifaya imezimwa. Besi iliyoachwa na kebo usiku kucha, wiki nzima, itaimaliza betri ambayo ingedumu miezi. Dalili ya kwanza ni noti kali kukwaruza, halafu sauti kudhoofika. Pima kwa mita: betri mpya ya alkali husoma zaidi ya volti 9, na ikishuka chini ya 8 naitoa kabla ya onyesho bila kujadiliana nayo. Zile za bei ndogo zisizo za alkali hazidumu na huvuja, na majimaji yake hula visahani vya mgusano. Betri ikikata katikati ya wimbo, SR500E inakubali kuendelea bila saketi kwa ile swichi niliyoizimia saketi, na kitufe cha trebo kinageuka kuwa toni ya kawaida. Nadhani kwa bei yake hakuna kitu cha maana zaidi ndani ya gitaa hili.

Giza lilipoingia, hukumu zilikuwa zimegawanyika kwa namna iliyoeleweka. Dada aliitaka kama ilivyo, nyuzi zishushwe. Mwenye kiganja kipana alirudi kwenye Jazz yake. Kijana alitaka kwanza amplifaya kubwa zaidi, na alikuwa sahihi kupanga hivyo. Mzee, ndiye mwenye gitaa, alikuwa na ombi moja.

"Mwanangu, hizi nyuzi zinalia mno. Nifungie zile bapa."

Nyuzi bapa, zenye uso laini, mara nyingi hukazwa kwa mvuto mkubwa kuliko zile za kawaida za unene huohuo. Kwenye shingo nyembamba mvuto huo unaonekana mara moja. Nilizifunga moja baada ya nyingine, bila kuzitoa zote kwa pamoja ili shingo isipoteze mzigo ghafla, nikaliacha gitaa lilale hadi asubuhi. Filageji ikasoma 0.45. Nikakaza robo mzunguko, safari hii kwa mwendo wa saa, ikarudi 0.3, na sifongo nikaitoa, kwani nyuzi bapa zilikuwa tayari na ukavu alioutaka.