Kumzuru Bibi Moses, mke wa mkulima

Treni ya New York kwenda Albany inafuata mto Hudson karibu njia nzima, maji yakiwa mkono wa kushoto, na kitabu nilichobeba sikukifungua. Stesheni iko Rensselaer, ng'ambo ya mto. Hapo ndipo shemeji yangu aliponipokea, akaniuliza kabla hata hajafunga buti la gari:

"Yaani shemeji, umetoka kote huko kuja kuzuru kaburi la bibi wa watu?"

"Ndiyo."

"Ni nduguyo?"

"Hapana."

"Haya, panda twende."

Tukashika barabara namba 7 kuelekea mashariki. Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi, na vilima vilipandana kimoja nyuma ya kingine, na mabanda mekundu ya mifugo yakichomoza hapa na pale. Njiani nikamweleza. Anna Mary Robertson alizaliwa mwaka 1860 Greenwich, kaskazini kidogo ya huko tulikokuwa tunakwenda. Alipofika miaka 12 alipelekwa kufanya kazi za ndani kwa majirani wenye uwezo: kupika, kufua, kuuguza wagonjwa. Akaendelea hivyo miaka 15, mpaka mwaka 1887 alipoolewa na Thomas Salmon Moses, kibarua wa shamba. Dunia inamjua kwa jina la Grandma Moses, mchoraji. Mimi nilimfuata mama wa shamba.

Makaburi ya Maple Grove yako Hoosick Falls, mji mdogo uliokaa kando ya mto Hoosic. Jiwe lake halina makuu. Linamtaja kuwa mke wa Thomas, kisha linasifu michoro yake kwa kuhifadhi sura ya mashamba yanayotoweka. Shemeji akavua kofia, akasoma, akauliza, "Na watoto?"

Swali hilo ndilo lililonileta. Maharusi wale walifunga safari kwenda kusini kutafuta maisha, wakaishia kukodi shamba karibu na Staunton, Virginia, na wakakaa huko karibu miaka 20. Bibi alizaa watoto 10. Watano walikufa wachanga, wakazikwa hukohuko. Mama huyohuyo alikuwa na akiba yake ya kazi za ndani, akanunua ng'ombe, akawa anasukasuka maziwa na kuuza siagi. Baadaye akakaanga viazi vyembamba vya kuuza. Hakutaka kulishwa na mume, alitaka wachangie wote. Mtu amezika watoto watano na bado anaamka alfajiri kukamua. Hapo mimi nasimama kidogo kabla sijafika kwenye habari za rangi na brashi.

Kutoka makaburini tukapita Eagle Bridge, kijiji cha jirani, lakini hatukukaa sana. Bibi na mumewe walirudi hapa kutoka Virginia mwaka 1905, na Thomas akafariki mwaka 1927. Shamba lao waliliita Mount Nebo, jina la mlima ambao Musa wa Biblia alifia juu yake. Kitukuu wake, Will Moses, naye ni mchoraji, basi mkono haujapotea. Nikapiga picha mbili, tukageuza gari kuelekea Vermont.

Wengi hukimbilia jumba la makumbusho la Bennington kwa kuwa lina mkusanyiko mkubwa wa picha zake. Kuna pia shule ya chumba kimoja iliyohamishwa mzimamzima kutoka Eagle Bridge. Lakini Bennington ina uchungu wake. Mwaka 1932 bibi alikuja mji huu kumuuguza binti yake, Anna, aliyekuwa na kifua kikuu. Binti ndiye aliyemwonyesha picha iliyotariziwa kwa uzi wa sufu, akamwambia ajaribu. Binti akafa, na bibi akabaki na wajukuu kuwalea. Baadaye baridi yabisi ilipomkaza vidole hata sindano ikawa taabu, dada yake akamshauri ashike brashi. Kwa hiyo watu wanaposema kwamba alianza kazi uzeeni, miaka 70 na ushei, nawashangaa. Alibadilisha zana tu.

Tazama anachochora: watu wanagema utomvu wa miti na kuuchemsha uwe sukari, wanamimina mishumaa, wanapika sabuni, wanakimbiza bata mzinga kwenye theluji. Anaijua kila kazi kwa sababu aliifanya. Vifo hakuvichora, au ni nadra mno. Shemeji aliona hiyo ni kuficha. Tulibishana mbele ya theluji ile ya rangi mpaka mlinzi akatutazama. Mimi nasema mama aliyezika watoto watano ana haki ya kuchagua atakumbuka nini.

Kilichomchekesha shemeji ni habari ya maonyesho ya kilimo ya Cambridge, mji wa jirani: bibi alipeleka jamu na picha, jamu ikapata tuzo, picha hazikupata kitu. Mwaka 1938 mtu wa New York aitwaye Louis Caldor aliona picha zake kwenye dirisha la duka la dawa Hoosick Falls, akazinunua, akafunga safari hadi nyumbani. Bibi hakuwepo. Mkwewe akamwahidi mgeni picha 10 kesho yake. Bibi aliporudi akakuta ana tisa. Akachukua moja kubwa, akaikata katikati, zikawa 10.

"Huyo ni mama wa shamba kweli," shemeji akasema. "Wageni wakizidi, kuku anakatwa vipande vidogo."

Mwaka 1940 maonyesho yake ya kwanza ya peke yake New York yalimtambulisha kwa watu kama mke wa mkulima aliyechora. Alifariki Desemba 1961 akiwa na miaka 101. Safari ijayo, Mungu akinijalia, nataka nishuke Virginia, niione Staunton na mashamba yake. Shemeji ameshauliza nauli ya treni.